Mayai ya Sugoi, Mahindi ya Moi's Bridge

Lawrence Kipyego ana chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo mjini Eldoret, na ndani ya chumba hicho yeye ndiye mkurugenzi, mhandisi mkuu na mshauri wa teknolojia. Kadi yake ya biashara inasema hivyo. Mfanyakazi wake ni mmoja, Jeruto, waliyesoma naye politekniki. Huyo kadi haimtaji.

Wawili hao hutengeneza vidude vya kuendesha mashine za wakulima. Ubongo wa kila kidude ni bodi ndogo ya elektroniki inayoenea kiganjani. Bodi zote ni za aina moja. Tofauti ni programu unayoiingiza kutoka kwa laptopu. Ukiipa ya pampu, itaendesha pampu. Ukiipa ya geti, itafungua geti. Bodi haibishani na mtu.

Novemba iliyopita Kipyego alipata kazi mbili kwa mpigo. Mama Jepkosgei wa Sugoi alitaka mashine yake ya kuangulia mayai ishike joto la kuku anayelalia, nyuzi thelathini na saba na nusu. Mzee Ephantus, mfanyabiashara wa nafaka kule Moi's Bridge, alitaka kikaushio chake cha mahindi kipande hadi sabini.

"Andika jina la mteja kwa kila programu," Jeruto alimwambia. "Na kila bodi tuibandike karatasi."

"Hayo ni ya wanafunzi," Kipyego akajibu, akinyoosha kola. "Mimi kila kitu kiko hapa." Akagonga paji la uso.

Jumanne akaenda Sugoi, akaingiza programu, taa ya kijani ikawaka. Akajipiga picha na mashine. Jumatano Moi's Bridge, taa ya kijani, picha nyingine. Kungoja aone joto litapanda hadi wapi hakuweza, kwa sababu alikuwa na haraka ya kutangaza kwenye WhatsApp kwamba kilimo cha Uasin Gishu hakitakuwa tena kama zamani.

Alhamisi Mama Jepkosgei akapiga simu.

"Injinia, mayai yako tayari."

"Bado, Mama. Ni siku ishirini na moja. Sayansi haiharakishwi."

"Nakwambia yako tayari. Nimevunja moja, imeiva mpaka ndani. Nimekula na chumvi."

Yalikuwa mayai mia moja na themanini. Kipyego akalaumu stima. Akalaumu bodi, eti ni feki. Alikuwa anaanza kuwalaumu kuku wenyewe Jumatatu ilipofika na Mzee Ephantus naye akapiga.

"Mahindi yamekauka, Mzee?"

"Yameota. Mashine yako imeyapasha vuguvugu siku tano, imeyabembeleza kama mtoto, sasa yana mizizi. Kuja uyapande."

Jeruto hakuomba ruhusa. Alivuta laptopu ya bosi, akaifungua. Ndani kulikuwa na folda nne: Mpya, Mpya Kabisa, Hii Ndio, na Hii Ndio Hasa.

"Sugoi uliweka gani?"

"Hii Ndio."

"Na Moi's Bridge?"

"Hii Ndio Hasa."

Akazifungua zote mbili na kumgeuzia kioo ajisomee. Ya kwanza ilikuwa ya kukausha mahindi, ya pili ya kuangua vifaranga. Kipyego alisoma, akarudia kusoma.

"Watu watajua?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Si ulipost?"

Jeruto alikubali kutengeneza upya, kwa sharti kwamba mkurugenzi asiguse kitu. Kwa wiki nzima aliipa kila kazi folda yake yenye jina la mteja na tarehe. Kila bodi akaipa namba, hivi kwamba ukijaribu kuiwekea programu isiyo yake, laptopu inagoma. Tena bodi yenyewe, ikiwashwa, huonyesha jina la kazi yake kwenye kioo kidogo, na haipashi chochote mpaka mtu alisome na kubonyeza kitufe. Kipyego aliijaribu mara saba akitafuta kosa. Akakataliwa mara saba, akanuna kama mtu aliyenyimwa mchumba.

Mzee Ephantus alipewa kikaushio kinachokausha. Mama Jepkosgei akaweka mayai mengine, na siku ya ishirini na moja wakafika wote wawili Sugoi kushuhudia. Vifaranga mia moja na arobaini na wawili walikuwa wanapiga kelele ndani ya mashine. Mama akawainua wawili mkononi, akacheka mpaka akafuta macho.

"Haya, hii akili ni ya nani?"

Kipyego akafungua mdomo. Akamwona Jeruto anamtazama tu, mikono mifukoni.

"Ni ya Jeruto," akasema. Akanyoosha kola. "Ila chini ya usimamizi wangu."

"Msimamizi?" Mama Jepkosgei akamwangalia kutoka viatu hadi kola. "Basi simama hapo mlangoni, paka asiingie."

Akasimama.