Mstari wa Tatu wa Kibao cha Shaba

Kwenye kibao cha shaba kando ya mlango wa kanisa letu kuu, mstari wa tatu hausomeki. Aliyeufuta ni nyanya yangu, tuliyemwita Dani. Aliufuta kwa jivu na limau, kila Jumamosi, kwa miaka mingi. Hadi leo nikikata limau jikoni, harufu yake hunisimamisha tena pale mlangoni, nikiwa na soksi zilizolowa.

Kanisa lenyewe liko juu ya kilima, mashamba ya majani chai yamelizunguka pande tatu. Walioagiza lijengwe ni Wazungu wa mashamba, na nadhani walitaka waingie ndani wajione wako kwao. Kuta ni nene, za mawe ya kijivu. Paa lina mteremko mkali, kana kwamba theluji ingeanguka Kericho. Madirisha ni membamba, yamechongoka juu, na mnara wa kengele ni mfupi kuliko mikaratusi iliyo nyuma yake. Ndani mlikuwa na ubaridi hata saa sita mchana. Mwanga uliopita kwenye vioo vya rangi ulitambaa sakafuni taratibu, bluu kisha nyekundu, nami niliweka mguu kwenye ile nyekundu nikaungoja uhame. Ukungu ukipanda kutoka shambani ulisimama mlangoni kama mgeni asiyejua akae wapi.

Babu, ambaye sikumkuta hai, alikuwa fundi wa mawe kutoka upande wa ziwa. Jina lake Obiero. Tao la mlango alilijenga yeye. Dani alituambia kwamba siku ya kutoa mbao zilizoshikilia tao, fundi aliyelijenga ndiye aliyesimama chini yake, ili likianguka limwangukie mwenyewe. Babu alisimama. Vumbi kidogo likatua kwenye kofia yake, basi. Msimamizi wa ujenzi akamwambia kwamba jina lake litaandikwa pale mlangoni.

Dani hakujua kusoma. Kina mama wa kanisa walipogawana kazi za usafi, yeye alichagua kibao kabla mwingine hajafungua mdomo. Alikisugua kama alivyosugua vyombo vyake, kwa nguvu za bega zima, kwa kuwa kwao mwanamke alijulikana kwa sufuria zake.

"Wewe Mama Ouko," rafiki yake Mama Chebet alimwambia akipiga deki, "hiyo si sufuria ya ugali. Utasugua utokee upande ule mwingine, mvua ituingilie."

"Wacha iingie," Dani akajibu bila kugeuka. "Itakusaidia kuosha hapo umeruka."

Nilipofika darasa la tatu, Jumamosi moja aliniita.

"Njoo unisomee hii. Nasikia siku hizi unasoma hata gazeti la kufungia sukari."

Nilifuatisha herufi kwa kidole. Mstari wa kwanza ulisema kanisa limejengwa kwa utukufu wa Mungu. Wa pili ulikuwa na jina la askofu na la meneja wa shamba. Wa tatu ulikuwa wa herufi ndogo, zimebanana, tayari zimefifia. Hapo ndipo mvua ya mawe ilipoanza kupiga paa, na watoto wenzangu wakatoka mbio na mabeseni kuokota barafu.

"Imeisha?" Dani akauliza.

"Imeisha, Dani."

"Ya babu yako hakuna?"

"Hakuna," nikasema, mguu mmoja uko nje.

Niliporudi mdomo umekufa ganzi kwa baridi, alikuwa bado anasugua, kuanzia kona hii hadi ile, na chini kabisa pia. Hakuniuliza tena, siku ile wala baadaye. Nilidhani amesahau. Mtoto huamini kwamba jambo lisilotajwa limekwisha. Jumamosi zilizofuata alienda vilevile na jivu lake, kibao kikang'aa mpaka wageni wakakisifu, na mimi nilifurahi kusikia nyanya yangu akisifiwa.

Alifariki nikiwa sekondari. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipong'amua kwamba siku ile alikuwa akiniuliza kama mumewe alikumbukwa, na kwamba nilimjibu kabla ya kusoma.

Mwaka jana nilirudi na karatasi na penseli. Nikaibandika karatasi juu ya kibao, nikapaka penseli polepole. Mistari miwili ya kwanza ilitokea wazi. Wa tatu ulitoa herufi moja tu, mwanzoni, ya duara: O. Nikaenda ofisi ya kanisa. Karani alitafuta kwa subira, akapata orodha ya mafundi wa mawe waliojenga. Obiero yumo. Wamo pia Okello, Ogutu na Onyango.