Halwa ya Chembe Isiyopatikana

Mimi nilisoma chuo cha Kurani tu, na hicho nacho nilikitoroka. Nyumba hii ya Al Amerat, pembeni mwa Masqat, nimeijenga kwa kutengeneza redio na viyoyozi. Mjukuu wangu alipotaka kusoma fizikia, nikajigamba kwenye sabla, baraza yetu ya wageni, mbele ya jamaa wote: huyu atakipata kile kitu kisichoonekana kinachozishika nyota zisitawanyike.

Siku moja kabla hajasimama mbele ya walimu wa chuo kikuu kuitetea kazi yake, nikaagiza halwa. Akaja uso umemshuka.

"Babu, halwa irejeshe. Sikuipata."

"Hukuipata nini?"

"Aksioni. Ile chembe inayodhaniwa ndiyo maada giza, hicho kinachozishika nyota. Ingekuwepo, ndani ya sumaku kali ingegeuka mawimbi ya redio, madogo mno. Nimeyapekua masafa yote niliyopewa. Kimya."

Shemegi yangu, aliyekuwa akinywa kahawa nami, mtu asiyekosa neno, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Miaka yote hiyo, kumbe mtoto anatafuta kitu hakipo."

"Hakipo hapo nilipotafuta, Babu mdogo. Atakayekuja baada yangu hatoanzia hapo."

Hapo nikamfahamu. Nilipofika Masqat kijana, kila magharibi nikizungusha redio kuitafuta sauti ya Unguja. Palipokuwa na mkwaruzo mtupu, nikikikwaruza kioo cha redio hapo kwa msumari, kesho nisirudi hapo. Kioo kilijaa alama kabla taarabu haijaingia.

Nikamhadithia. Akatabasamu. "Basi na mimi nimepiga msumari wangu."

"Kesho kawaambie hivyo hivyo. Kazi umeifanya sawasawa. Na halwa hairudi dukani."

Siku ya pili nikapiga kilemba changu kizuri, nikakaa nyuma. Kiingereza kitupu, sikuambulia kitu. Mwalimu mmoja akamkazia swali. Mjukuu wangu akajibu bila kutetereka, na yule mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Ndani ya gari akanieleza. Aliulizwa: umejuaje kama mtambo wenyewe si kiziwi? Akajibu kwamba walitia ishara ya uongo makusudi, na mtambo ukaisikia. Kwa hivyo kimya kile ni kimya cha kweli.

Kapasi.

Sabla ilijaa jioni ile. Shemegi akafika wa mwanzo, akachota halwa.

"Hii ya nini, na chembe haikupatikana?"

"Ya pahala ambapo hapana mtu tena atakayepoteza umri wake kupatafuta," nikamwambia. "Kula."

Akala, akaongeza.