Kabeji za Mama Shiro

Trei ya mayai ikilowa maji hutoa harufu ya gazeti kuukuu na banda la kuku kwa pamoja. Juzi nilikuwa nikipanda nyanya kwenye trei kama hiyo, kwenye roshani yangu hapa Kamakis, na harufu ilipopanda ilibidi niketi kidogo. Nilikuwa nimerudi Murera, nina miaka tisa, na nina kosa ambalo sijamwambia mtu.

Tulikuwa tumehamia Murera kutoka chumba cha kukodi Ruiru, na Mama hakumjua mtu yeyote huko. Kilichompatia marafiki ni miche. Alikuwa amefanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Thika, akajifunza kuotesha mbegu, na akina mama wa kanisani walipoiona sukuma wiki yetu wakaanza kumletea mbegu zao. Alizipanda kwenye chochote: trei za mayai, pakiti za maziwa, hata beseni lililopasuka. Udongo aliuchekecha kwa wavu wa dirisha, akauchanganya na mbolea ya mbuzi. Jioni wenye mbegu walikuja "kuona watoto wao," kama walivyosema, wakakaa mpaka chai ikaisha. Ruiru sikuwahi kumwona Mama akicheka vile.

Mama Shiro, jirani yetu, alileta mbegu za kabeji. Wakwe walikuwa wanakuja kumletea Shiro ruracio, yaani mahari, na mama yake alitaka kuwapikia kabeji za shamba lake mwenyewe. Mama alizipanda kwenye trei moja, na sukuma yetu kwenye trei ya pili, kando kwa kando. Katika kila trei alichomeka kipande cha plastiki alichokata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaandika jina kwa biro.

Kabeji na sukuma zikiwa changa hata mkulima hushindwa kuzitofautisha. Mimi hayo sikuyajua. Nilichoona kwenye vile vipande vya plastiki ni sahani mbili nzuri za kuchezea kalongo, mchezo wetu wa kupikapika. Nilizing'oa nikawapakulia wageni wangu ugali wa matope, na Mama aliponiita nikazisuuza na kuzirudisha mbio mbio, bila kukumbuka ipi ilitoka trei gani.

Miche ilipohamishiwa shambani nikaanza kupita kwa Mama Shiro kila nikitoka shule, kuangalia kama kabeji zake zinajifunga. Hazikujifunga. Majani yalirefuka tu na kutanuka. Zilizojifunga zilikuwa nyuma ya jikoni kwetu, kubwa na ngumu, na kila nikiziona niligeuza uso.

Siku moja Mama Shiro alikuja na akina mama wawili, akazitazama kwa muda mrefu.

"Hizi ni zangu, Mama Ciku," akasema bila kupandisha sauti. "Ungeniomba tu, ningekupea."

"Nilichanganya miche," Mama akajibu. "Nisamehe."

"Ni kuchanganya gani hiyo inakuachia wewe zile mzuri?" mwenzake mmoja akauliza.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilisikia kila neno, nikaingia ndani.

Asubuhi ya ruracio Mama alikata kabeji zote, akazijaza kwenye wilbaro, akaniambia twende. Sikuelewa ananitakia nini, maana aliisukuma mwenyewe. Uani kwa Mama Shiro wanawake walikuwa wanamenya viazi, na tulipoingia wakainua vichwa kututazama. Mama akazipakua kabeji moja moja, polepole, akinitazama kila mara. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Wageni walikula wakashiba. Lakini baada ya siku hiyo hakuna aliyeleta mbegu tena, wala aliyekuja kunywa chai. Kanisani Mama akahamia benchi la nyuma. Nami, naona haya kusema, nilifurahi kwamba sikujulikana.

Mwaka jana nikamwambia. Tulikuwa tunachambua mboga za managu kwake, na mikono yake haikusimama.

"Nilijua," akasema. "Kila siku ulikuwa unapitia kabeji za wenyewe. Mtoto gani hupenda kabeji hivyo?"

Nilicheka kidogo, kisha nikamuuliza mbona hakuwaambia.

"Wangesema nasingizia mtoto. Lakini ungesema wewe, wangeamini."

Aliyasema hayo bila kinyongo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Miaka yote nilidhani Mama alikuwa amedanganyika na mimi nimeponea. Kumbe alikuwa ananingoja. Ndiyo sababu alinichukua asubuhi ile, na ndiyo sababu hakumwaga kabeji zote chini mara moja, kama ambavyo mtu mwingine angefanya. Zilikuwa thelathini na kitu. Kila alipoweka moja chini alinipa muda wa kufungua mdomo, na alipoweka ya mwisho akaigeuza wilbaro, akaniambia, "Haya, twende nyumbani."