Barua ya Kairo Niliyoiruka Neno Moja

Mkasa huu nimeukwepa miaka mingi, lakini watu wa Pongwe wameusimulia mpaka wameutia chumvi isiyohitajika, kwa hiyo bora niuseme mwenyewe, aibu yangu niibebe kwa kipimo chake. Mimi ndiye Hatibu niliyewalisha watu ada yangu ya masomo, nikawapakulia kwa mikono yangu, tena nikawashukuru kwa kuila.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, namsaidia Mwalimu Mbaruku kusomesha watoto Kurani chuoni, na Kiarabu ndicho kilichokuwa kiburi changu. Kukisoma nilijua, tena kwa sauti nzuri, lakini kukielewa ni jambo lingine, na tofauti hiyo sikuwahi kumwambia mtu (watu wenyewe hawakuuliza, wakisikia sauti tu wanatikisa vichwa). Basi nikaandika maombi, na chuo kimoja kidogo cha Kairo kikanikubali. Kilikuwa kinaendeshwa kwa wakfu wa matajiri wa huko, na mwanafunzi wa nchi za mbali alisamehewa nusu ya ada. Nusu iliyobaki ndiyo tuliyoihangaikia: shangazi yangu Bi Mwanajuma, aliyenilea tangu mama alipofariki, aliuza mbuzi wake wawili na nazi za msimu mzima, wajomba zangu wa Mwera wakauza mbata, majirani wakachanga shilingi mbilimbili, zote zikatiwa kwenye bati la biskuti nyumbani kwa Mwalimu Mbaruku, nami nikawa sipiti njiani ila naulizwa naondoka lini.

Ndipo huko Misri mfalme akapinduliwa. Mimi mfalme yule sikumjua, hakunijua, wala sikumkosea kitu, sasa niambieni kwa nini kuanguka kwake kuje kuniangukia mimi Pongwe. Habari nilizipata kwa Awadhi, Mshihiri, Mwarabu mwenye duka, ambaye alikuwa na redio. Nilimuuliza kama mambo yale yatanigusa, akasema serikali ikibadilika hata muuza chumvi hana hakika na bei yake ya kesho. Nikajisemea huyu ni mtu wa duka tu, anajua nini mambo ya vyuo.

Ikapita miezi, barua ikaja. Imepigwa chapa, ya Kiarabu, na si Kiarabu cha vitabu vyetu, ni Kiarabu cha ofisini, kile kikavu kisicho na irabu hata moja. Nikapapasa humo kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Nikaona serikali mpya, nikaona wakfu, nikaona neno la kufuta, nikaona rusumu, yaani ada. Kati ya kufuta na ada palikuwa na neno moja nisilolijua, lina sura kama ya afua, nikasema neno lenye afua ndani yake haliwezi kuwa na shari, nikaliruka. Kosa lenyewe ni hilo, neno moja. Na duka la Awadhi lilikuwa mwendo wa kumaliza kutafuna kashata, na Kiarabu ni lugha ya mama yake, lakini wiki ileile nilikuwa nimemsahihisha matamshi mbele ya wateja (mimi, mtoto wa Pongwe, namsahihisha Mshihiri), sasa ningekwendaje kumwambia nisomee?

Shangazi akauliza barua inasemaje.

"Ada imefutwa," nikamwambia. "Serikali mpya imefuta ada."

Akakaa palepale barazani akalia kwa furaha, na kabla ya adhuhuri mji mzima unajua. Mwalimu Mbaruku macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hakuweza kusoma, akataka nimsomee. Nikamsomea kwa ile sauti nzuri. Akaniomba nisome taratibu kwa kuwa masikio nayo yanazeeka, nami nikazidi kukimbia. Kisha akashauri fedha zikae kwanza mwezi mmoja hivi, maana mambo ya serikali mpya hayajatulia. Shauri la mtu mzima, zuri, wala halikuwa na gharama. Lakini nilishasema imefutwa, nikaona kusita ni kukiri, nikamjibu kwamba fedha za watu zikikosa kazi zirudi kwa watu, tuwafanyie maulidi ya kuniaga. Ndiyo, wazo la maulidi lilikuwa langu mwenyewe, wala msimsingizie shetani.

Akanunuliwa ng'ombe, magunia mawili ya mchele, samli, sukari, na kilichobaki nikashonewa koti zito na kununuliwa sanduku, maana niliambiwa Kairo kuna baridi. Wajomba walikuja na lori kutoka Mwera. Nililivaa koti lile Pongwe, mchana, na jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, nazunguka na masinia nawahimiza watu waongeze nyama.

Watu waliposhiba, Mwalimu Mbaruku akamwomba Awadhi aisome barua ile hadharani, wageni waisikie kutoka kwa mwenye lugha. Nikasema hakuna haja, watu wamechoka. Mwalimu akasema si haja, ni heshima. Nikaitoa.

Awadhi aliisoma kwanza kimya. Akarudia. Akaniinamia akaniuliza polepole kama niliisoma mpaka mwisho, na hapo, jamani, mlango ulikuwa bado wazi, ningeweza kumwambia sikuelewa, naye angejua la kufanya. Nikamwambia nimeisoma yote.

"Hatibu," akasema, na ukumbi wote ulikuwa unasikiliza, "hapa hapasemi ada imefutwa. Panasema msamaha wa ada umefutwa."

Akaeleza yaliyobaki kwa upole: kwamba serikali mpya imeuchukua wakfu, chuo hakina tena wa kukibeba, mgeni sasa atalipa ada nzima, lakini atakayetuma nusu kabla ya Muharamu atashikiwa nafasi yake, na iliyobaki ataimaliza kidogokidogo.

Mjomba mmoja akauliza, "Na hiyo nusu si ilikuwapo?"

Watu waliangalia masinia. Aliyekuwa ananawa akaacha kunawa. Mimi badala ya kunyamaza nikaanza kueleza kwamba Kiarabu cha ofisini kina maana mbili, pengine cha Kishihiri hakifiki huko, maneno yakanitoka bila mpango, na Awadhi akaikunja barua vizuri, akanirudishia, wala hakusema neno juu ya siku ile niliyomsahihisha. Afadhali angesema.

Shangazi alinikuta nyuma ya nyumba, koti nimelitupa juu ya kuni. Nilingoja anipige maneno ya mbuzi wake.

"Mimi sijui hata herufi moja," akaniambia, "na kila barua nikiipata nasema sijui, nisomeeni. Hakuna aliyenicheka. Wewe nani alikwambia kutojua ni aibu?"



Kairo sikufika. Lile sanduku nililiuza, nikapata kazi ya ukarani kwenye shamba la mkonge, na baada ya mwaka nikamnunulia shangazi mbuzi wawili. Wengine nilipowapelekea shilingi zao walikataa, wakasema wao fedha zao walishazila, ilikuwa pilau nzuri. Jina lakini hawakuninyima. Mpaka leo, mwenye duka wa Pongwe akipandisha bei ya sukari husema, "Bei imefutwa, kamuulizeni Sheikh Hatibu," na wateja hucheka mpaka wakasahau kulalamika.

Sasa watu huniletea barua zao niwasomee. Nikikutana na neno nisilolijua nasimama papo hapo, naweka kidole, namwambia mwenye barua: hili silijui, twende tukaulize. Wengine huniona karani gani huyu. Waache wanione hivyo, ni rahisi kuliko ng'ombe.