Mpira wa Meneja

Fundi Koki alikuwa na dharau ya kuwatosha wapangaji wote wa jengo, na ikabaki. Jina hilo walimpa wao wenyewe, maana kila alipotengeneza mashine ya kufulia aliacha agizo lilelile: ukimaliza kufua, funga koki. Wanaitikia vizuri, naye hajafika ngazini wameshasahau. Watu wazima na ndevu zao.

Aliyemchefua kuliko wote ni Meneja wa ghorofa ya kwanza. Kustaafu alishastaafu, ila cheo hakibanduki. Mashine yake aliisukuma mpaka ikagusa ukuta, eti isiharibu sura ya jiko, akaivika kitambaa cha kufuma na kupanga vikombe vya wageni juu yake. Huko nyuma mpira wa maji ulikuwa umepindwa na kuvimba ubavuni. Fundi alimwonyesha mara tatu.

"Mbona hauvuji?" Meneja akauliza.

Mbona hauvuji. Na kichwa hicho kiliwahi kuongoza ofisi ya watu.

Ingekuwa ni hasara ya Meneja peke yake, fundi angelala usingizi mnono. Lakini chini ya jiko lile aliishi dada yake fundi, mshonaji wa magauni ya maharusi. Wakati huo alikuwa na gauni moja jeupe, shanga zake amezitia kwa mkono miezi miwili, na arusi ilikuwa Jumapili.

Jumatatu asubuhi, arusi ikiwa bado siku sita, Meneja mwenyewe alimfuata fundi. Ameona tone, anaomba mpira ubadilishwe. Kazi ya robo saa. Fundi akamtazama juu mpaka chini.

"Nina kazi nyingi, Meneja. Labda Jumamosi."

Na yeye aonje kusubiri, alijisemea. Hata kumkumbusha koki hakumkumbusha. Huyu ataambiwa mara ngapi?

Alhamisi mpira ukapasuka, koki iko wazi, Meneja katoka. Fundi alipofika mbio, dari ya dada yake ilikuwa imeanguka vipande na gauni limelowa maji machafu ya chokaa.

"Nilimwambia yule mpumbavu," alifoka. "Mara tatu nilimwambia."

Dada yake alikuwa amepiga magoti, anakamua pindo. "Nimempigia simu. Anasema alikuomba Jumatatu."

"Jumatatu nilikuwa na kazi."

"Jumatatu ulishinda hapa kwangu, kaka," dada alisema bila kuinua kichwa. "Umenyoosha miguu, unakunywa chai. Nikakuuliza leo huna kazi, ukacheka."