Nzi Mmoja wa Jalala

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kwa sababu ya chupa ya jemu iliyojaa nzi waliokufa. Usicheke. Nzi ndio walionilisha miaka yangu yote ya Saudia. Nilianzia maabara ya mifugo Riyadh, nikilala mtaa wa Shumaisi, kisha nikahamishiwa Jeddah, na kazi ikawa ile ile: wafugaji wanakusanya nzi, sisi tunawatambua. Macho yangu yalikuwa makali, si haya ya kutafuta miwani ilhali nimeivaa.

Enzi hizo wanawake wa huko ndio kwanza walikuwa wameanza kuendesha magari, na madam mmoja akaja maabara na lake, ameudhika kwelikweli. Nyuma yake alikuwa Mwende, msichana wetu wa Kitui, mfanyakazi wake wa ndani. Madam akaweka chupa mezani. Nyumba yake imejaa nzi wa kijani wanaometameta, akasema, na nzi ni uchafu. Alitaka tuthibitishe hilo, amrudishe Mwende kwa wakala, apandishwe ndege.

"Halas, basi," akasema. "Mchafu simtaki."

Mwende akaninong'oneza, "Anti, mimi nasafisha hiyo nyumba kila siku. Nikirudishwa na jina la uchafu, nani tena atanichukua?"

Roho iliniuma. Sasa nikueleze: wapo nzi wa aina mbili wenye kijani hicho cha kung'aa, na kwa macho matupu huwezi kuwatofautisha. Mmoja huzaa kwenye jalala na mizoga. Wa pili hana haja na taka zako. Hutaga kwenye kidonda cha mnyama aliye hai, na funza wake wakishashiba nyama huanguka mchangani, wakawa nzi. Chini ya bawa kuna kigozi kidogo. Cha nzi wa jalala kina rangi ya moshi, cha nzi wa kidonda ni cheupe.

Nikamweka wa kwanza kwenye darubini. Rangi ya moshi! Nikamweka wa pili: cheupe. Wa tatu, cheupe. Waliobaki wote, cheupe. Basi kibano changu kikaanza kumsogeza yule wa kwanza, taratibu, kuelekea ndoo ya taka. Nani angejua?

Mzee Haji wa Unguja, aliyenifunza kazi ile, alikuwa meza ya pili. Aliniona kwa pembe ya jicho, wala hakuinua kichwa.

"Mrejeshe, mwanangu."

"Mzee, huyu atamponza mtoto wa watu."

"Ukimficha huyo, hao wengine hutokuwa na haki ya kuwasema. Mrejeshe, na uanze naye yeye."

Nilichukia, usinione hivi. Lakini nikamrejesha. Nikamwambia madam, "Huyu mmoja ni wa jalala, na wa namna yake huingia hata nyumbani kwangu, hapa hapa Jeddah, mtaa wa Kandara. Hawa wengine wote wametoka kwenye kidonda. Una mnyama nyumbani?"

Madam alikuwa ameshakunja uso anipinge. Badala yake akainama kwenye darubini, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kuna kondoo wa mume wangu nyuma ya nyumba," akasema polepole. "Mwende aliniambia huyo kondoo ananuka. Nikamwambia yalla, endelea na kazi."

Daktari wa mifugo akaenda. Chini ya kamba ya shingo palikuwa na kidonda kilichojaa funza. Kondoo akatibiwa, Mwende akabaki na kazi yake. Madam aliporudi kushukuru aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Mngesema wote ni wa kidonda, ningejua mnamtetea mwenzenu tu."

Kwa hiyo, mwanangu, siku ukisimama kumtetea umpendaye, anza na lile linalomuumiza. Litaje wewe, kwa mdomo wako, kabla halijatajwa na wengine, ndipo utakaposikilizwa kwa yaliyobaki.

Mungu akujalie macho ya kuona kigozi chini ya bawa. Na siku mkono wako utakapoanza kuelekea kwenye ndoo, akuweke karibu na mtu wa kukuambia: mrejeshe.