Kulia Mara Nne, Chini Mara Mbili

Shangazi yangu ni mpokea simu wa hospitali. Kwa miaka kumi na sita amekaa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, na namba za wodi zote anazijua kwa moyo. Ukimwomba maabara, anakuunganisha kabla hujamaliza kuomba. Hakuzaliwa na uwezo wa kuona, na jambo hilo hulitaja mara chache, kama mtu anavyotaja urefu wake.

Jumamosi akitoka kazini haendi nyumbani moja kwa moja. Hupitia ukumbi wa gemu ulio nyuma ya duka la rangi, akakamata pedi ya kuchezea, akapigana. Gemu lenyewe ni lile la ngumi na mateke ambalo kila mtu pale hulicheza. Aliyelitengeneza hakumfikiria yeye hata kidogo. Lakini adui akitembea upande wa kushoto, hatua zake husikika katika sikio la kushoto. Akiruka, nguo zake huvuma. Akitaka kutupa teke zito, huvuta pumzi kwanza. Kwa shangazi, hayo yanatosha. Menyu ya kuchagua mpiganaji ndiyo bubu, maandishi matupu, kwa hiyo ameihesabu: kulia mara nne, chini mara mbili, bonyeza, na mpiganaji wake mwepesi anaitika kwa kicheko.

Mashindano ya ukumbi yalipotangazwa, mwenye ukumbi alimjia kwa sauti laini.

"Dada, tumekuandalia mechi ya maonyesho kabla ya fainali. Watu watakupigia makofi."

"Nikishinda, naingia raundi ya pili?"

"Hiyo haihesabiwi, dada. Ni ya kufurahisha tu."

"Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi mnaninyima hata kushindwa. Niandike ubaoni, kwa chaki ileile ya wengine."

Bingwa wa pale, fundi wa pikipiki mwenye mdomo mrefu, alidakia kwamba hedifoni za shangazi ni faida.

"Na hiyo runinga kubwa kama mlango ni nini?" shangazi akamuuliza. "Izime tuwe sawa."

Ukumbi mzima ulicheka. Akaandikwa.

Fundi huyo ana desturi yake: kila akimshinda mtu humwambia, "Mpigie daktari." Shangazi tu ndiye ambaye hakuwahi kuambiwa hivyo. Kila alipomshinda yeye, fundi aliteremsha sauti: "Umejitahidi sana, dada." Maneno hayo yalimuuma shangazi kuliko kipigo chenyewe.

Kura ikawakutanisha katika mechi ya kwanza ya mashindano. Nilikaa nyuma ya kiti chake. Akahesabu, akabonyeza. Badala ya kicheko, ikasikika ngurumo nzito.

"Hili jitu limetoka wapi?"

Mwenye ukumbi alijishika kichwa. Asubuhi ile gemu lilikuwa limesasishwa. Wapiganaji wawili wapya walipenyezwa katika safu, na wengine wote wakasogea.

"Pole, dada. Ngoja turudie."

"Wiki iliyopita kinyozi alipobonyeza vibaya, mlimrudishia?"

"Hatukumrudishia," fundi akakiri.

Niliinama sikioni mwake. "Shangazi, kubali. Kosa si lako."

"Najua si langu. Hilo nitalishughulikia. Anzisheni."

Mechi ilikuwa ya raundi tatu. Ya kwanza jitu lile lilipigwa kama ngoma, huku shangazi akijaribu kitufe kimoja kimoja na kusikiliza. Ya pili alishaelewa kwamba ni zito la miguu lakini mkono wake unafika mbali. Akatulia, akasubiri ile pumzi kabla ya teke, akapiga. Fundi akaanguka mara tatu, na watu wakaanza kusimama juu ya mabenchi. Ya tatu walibaki wote wawili na uhai kidogo sana. Jitu likachelewa kugeuka. Fundi akashinda.

Watu waliinua mikono wapige makofi, yale ya taratibu ya huruma. Shangazi alivua hedifoni akamgeukia fundi.

"Haya, sema."

"Umejita..." Fundi akakohoa. Alitazama pedi yake, akamtazama shangazi. "Mpigie daktari."

Vicheko vililipuka hadi barabarani. Shangazi alicheka kuliko wote.

"Madaktari wote namba zao ninazo. Jumamosi ijayo nitakuunganisha wewe."

Hakuinuka. Aligonga kiti cha pembeni kwa kiganja na kumwita mwenye ukumbi.

"Sasa tuje kwenye lile kosa. Nisomee safu zote za wapiganaji kuanzia kushoto, polepole. Ukimaliza, mwanangu huyu ataandika barua kwa waliolitengeneza. Gemu linaloweza kunguruma vile halishindwi kusoma majina kwa sauti."

Mwenye ukumbi akaketi, akaanza kusoma.